Mtaa Gani, Mtoto wa Nani

Ofisi yetu iko Peckham, London, ghorofa ya juu ya saluni ya nywele, na kwa sababu hiyo nusu ya watu wanaopanda ngazi zetu huwa wamekuja kusukwa. Wanafika wanahema, wanavua skafu, wanakaa kwenye kiti cha kwanza wanachokiona na kuuliza rasta za kufika kiunoni ni bei gani. Mwanzoni nilikuwa nikiwaelekeza chini. Siku hizi nawauliza kwanza wanaishi wapi, wamepanga kwa nani, na walipokwenda kutafuta nyumba waliambiwa nini. Wengi hukaa tena. Kuna mmoja alikaa akasimulia mpaka akasahau kichwa chake, akarudi kwao na nywele timutimu vilevile alivyokuja.

Hiyo ndiyo kazi ya shirika letu: nyumba na shule. Watu hushangaa tunavichanganyaje vitu hivyo viwili, basi nieleze. Shule nzuri ya serikali, huko pembezoni mwa London kwenye bustani na hewa safi, haimkatai mtoto kwa rangi yake. Haithubutu, sheria ipo. Inapima tu umbali kutoka mlango wa nyumba yenu mpaka lango lake, na walio karibu ndio wanaoingia. Kwa hiyo anayetaka mtoto mweusi asikae darasani na mjukuu wake hana haja ya kusimama langoni na fimbo. Mama wa mtoto akija kuulizia nyumba, anaambiwa kwa tabasamu kwamba imeshachukuliwa. Mama anashukuru, anaondoka, na hakuna aliyemtukana mtu.

Ili kuwanasa wanaosema hivyo tunatuma wajaribu, tester kwa Kiingereza cha ofisini, wawili wawili. Mmoja mzungu, mmoja mweusi. Umri mmoja, kipato kimoja, hadithi moja ya kubuni waliyoikariri wote. Kila mmoja anakwenda peke yake kuulizia nyumba ileile, kisha anaandika alichoambiwa. Mzungu akiambiwa karibu na mweusi akiambiwa imeshachukuliwa, tumewapata.

Mie ndiye mweusi. Mzungu wangu ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mwembamba, nywele nyeupe pee, mjane kama mie, na amenizidi mwezi mmoja tu kwa kuzaliwa. Kwa hiyo ofisini walituita pacha, kwa mzaha, na yeye akaupokea mzaha huo kwa moyo wote. Ananiita pacha wangu mbele za watu, kwenye basi, kwa sauti ya mwalimu, na abiria wanatutazama mara mbili. Ana kasoro moja kubwa kwa kazi hii: hajui kusema uongo. Ukimpa jina la bandia, shingo yake inakuwa nyekundu kabla hajaulizwa. Ili amudu, hubidi aiamini hadithi yote. Mwaka huo tulipewa mume wa kubuni, mhasibu, aliyekufa kwa shinikizo la damu, na pacha wangu alimlilia mhasibu yule mbele ya mawakala wa nyumba wa wilaya tatu. Nina hakika alimpenda kuliko marehemu wake wa kweli.

Mkuu wetu ni binti wa Kinigeria aliyezaliwa hapahapa, mwanasheria, rika la binti yangu. Ananiita Auntie, lakini akianza kutoa amri, u-Auntie unawekwa kando. Kabla ya kila safari hutusomea masharti. Usibishane. Usisimulie mambo yako. Usizoeane na mwenye nyumba. Usipokee kitu. Usile, usinywe. Hili la mwisho hulisema akinitazama mie, kana kwamba mie ndiye peke yangu mwenye tumbo London nzima.

Basi, mwanzoni mwa Oktoba, akapanda ngazi mama mmoja ambaye hakuja kusukwa. Mkongomani wa Bukavu, muuguzi, na sare yake ya hospitali chini ya koti. Mumewe dereva wa basi. Wana binti mmoja, aliyekuwa akienda kuanza sekondari mwaka unaofuata, na maombi ya shule yanafungwa mwisho wa Oktoba. Alikuwa ameiona nyumba ya kupanga Stanmore, hatua chache kutoka shule ambayo binti yake alikuwa akiiota. Ana mshahara, ana barua ya mwajiri, ana kila kitu.

"Ule kijana wa agent aliniangalia hivi," akasema, akanionesha alivyoangaliwa, kuanzia viatu kwenda juu. "Akasema nyumba ilishachukuliwa. Nikarudi kwangu, nafungua simu, nyumba ingali palepale! Njo maana nimekuya kwenu."

Nikamuuliza kwa nini asitafute nyumba nyingine. Nilikuwa namjaribu tu.

"Nimetafuta, mama yangu. Zote zinachukuliwaga nikiingia mimi. Mutoto yangu ana akili sana. Mahali tunakaa sasa, shule iko, lakini walimu wanatoka kila muhula, wanaingia wengine. Sasa mi nitafanya je? Nimwambie hesabu yake iko muzuri ila anwani yake mubaya?"

Mkuu wetu alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Pacha waende kesho."

Pacha wangu ndiye aliyetangulia. Alirudi jioni mashavu yamemwiva kwa furaha. Yule kijana wa wakala alimwita kwa heshima zote, akampeleka kwenye nyumba kwa gari lake, akamwambia angeweza kuhamia wiki ijayo, akamtajia kodi, tena akasema mwenye nyumba atafurahi kupata mtu mstaarabu. Pacha wangu alikuwa amelipenda jiko. Lina dirisha linalotazama bustani, na mti wa mapera ya Kizungu. Mkuu wetu ilibidi amkumbushe kwamba ana nyumba yake mwenyewe.

Siku ya pili nikaenda mie. Kutoka Peckham mpaka Stanmore ni safari. Unabadilisha treni, kisha unakaa mpaka mwisho wa reli, na kadiri unavyokwenda watu wa rangi yangu wanapungua behewani na bustani zinaongezeka dirishani. Nilikuwa nimevaa koti langu zuri na skafu ya kijani ya hariri, maana sharti mojawapo ni kuonekana mtu wa kipato, na hilo halijapata kunishinda. Yule kijana wa wakala alikuwa na viatu vyenye ncha na nywele za mafuta. Akaniangalia kuanzia viatu kwenda juu. Akasikitika sana. Nyumba imeshachukuliwa, jana tu. Nikamuuliza kama ana nyingine karibu na hapo, akanitajia nyumba iliyo mbali kiasi kwamba ningefika kwa ndege mapema zaidi.

Nilishukuru, nikatoka. Tumewapata. Moyo ulinidunda kama wa mvuvi aliyehisi uzito kwenye mshipi. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja kidogo: kupita kwenye nyumba yenyewe na kulipiga picha bango la kupangisha, kama ushahidi kwamba bado lipo, kisha nirudi zangu.

Bango lilikuwepo, limesimama wima kwenye bustani ya mbele. Nyumba zilikuwa mbili zilizoshikana ukuta, hiyo tupu na nyingine yenye mapazia. Nikatoa simu. Bango halikuenea kwenye picha, nikarudi nyuma kidogo. Nikarudi tena. Nikakanyaga kiukuta kifupi cha nyumba ya pili, nikaenda kinyumenyume, nikakaa kitako katikati ya mawaridi ya watu, miguu juu.

"Yarabi mguu wangu!" nikapiga kelele, na nikaongeza maneno mengine ambayo mama yangu hakunifundisha yeye.

Mlango ukafunguka. Akatoka bibi mmoja wa Kihindi, mfupi, sari ya rangi ya maziwa na juu yake sweta la kiume, mwiko mkononi. Nikajua naitiwa polisi.

"Umeteguka?" akauliza. Kwa Kiswahili. "Usiinuke, ngoja kwanza. Miba ile mibaya."

Nikasema neno pekee ambalo mtu wa kwetu anaweza kumwambia mkubwa wake akiwa ndani ya mawaridi. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Unguja."

"Arre, Unguja nnasikia kwa masikio yangu! Mtaa gani?"

Hapa nataka nieleweke. Mkuu wetu alikuwa amenipa jina, kazi, mshahara, hata mume wa kuzikwa. Mtaa hakunipa. Angejuaje? Yeye kakulia mahali ambapo watu wanaulizana postikodi. Nikasema Mkunazini, maana ndiko nilikozaliwa, na ulimi haukuniuliza.

"Mkunazini!" Mwiko ukashuka. "Mtoto wa nani?"

Mtu wa kwetu anaweza kudanganya umri, anaweza kudanganya idadi ya ndoa zake, anaweza kukwambia kala na hajala. Lakini swali hilo halidanganyiki. Nilijaribu. Nililifungua domo kulitaja lile jina la bandia, nikamuona marehemu baba yangu na miwani yake imefungwa uzi, ananisubiri niseme. Ningemkana vipi, nikiwa nimekaa kwenye maua ya mwanamke aliyenizidi umri?

"Mtoto wa Fundi," nikasema. "Fundi redio. Wa chini ya ngazi."

"Mwenye kidole hakina kucha?"

"Huyohuyo."

Akaziba mdomo kwa mkono usio na mwiko, na macho yakamjaa machozi. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa njia moja na baba yangu. Redio yao ikiharibika, na kwa maelezo yake ilikuwa ikiharibika kila alipotaka kutoka nyumbani, yeye ndiye aliyetumwa kwa Fundi. Alimkumbuka na mama yangu, na kitoto kichanga kilichokuwa kikilia dukani mpaka redio hazisikiki.

"Ndiye wewe?"

"Huenda ndiye."

"Hukupungua sauti," akasema, akaninyanyua.

Nilipokuja kujitambua nilikuwa jikoni kwake, mguu juu ya kigoda, na mbele yangu chai ya maziwa iliyopikwa ikapikika, tangawizi na iliki, na sahani ya kachori za mbatata zinatoka motoni. Nikakumbuka usizoeane, usipokee, usile, usinywe. Nikakumbuka pia malezi yangu. Nikala.

Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha wanangu, ambao naongea nao Kiswahili na wao wananijibu Kiingereza kama askari wa mpakani. Cha kwake kilikuwa kimefungwa tangu alipoondoka Unguja akiwa bado kijana, kama nguo ya harusi. Alisema bilauri, alisema senema. Aliniuliza waliokufa, nikamtajia, akawalilia mmoja mmoja, hata wale ambao wakati wa uhai wao hakuna aliyewataka. Kisha akanisimulia walivyofika hapa, yeye na mumewe na mtoto mkononi.

"Mume wangu kavaa suti, mie nimevaa sari ya harusi, tukizunguka mitaa hii hii na mvua. Kila mlango jawabu moja: nyumba imeshachukuliwa. Siku moja tukaambiwa hivyo, tukavuka barabara, tukasimama kituo cha basi. Mie nikageuka. Nikaliona pazia linacheza. Mwenye nyumba yuko nyuma yake anatutazama kama tumeondoka kweli! Nyumba tupu, mwanangu. Pazia lile nnaliona mpaka leo nikifumba macho." Akanisukumia sahani. "Mume wangu akaapa atanunua mtaa mzima. Akapata nyumba mbili hizi. Mungu akamchukua kabla hajaanza ya tatu. Sasa niambie, ulikuwa ukitafuta nini kwenye mawaridi yangu?"

Nikasema natafuta nyumba ya kupanga. Nilikuwa bado na akili ya kukumbuka hilo, Mungu anisamehe.

"Alaa! Nyumba si hii hapa, ukuta kwa ukuta!"

Kabla sijameza, akawa ameshachukua simu, akaiweka mezani kati ya chatne na mtungi wa maji, sauti imefunguliwa juu, akampigia yule kijana wa wakala. Akamwambia kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba yule mama wa skafu ya kijani apewe nyumba, leo hii, tena apunguziwe kodi.

Kisha yule kijana akasema, kwa sauti ya mtu anayetembea juu ya vigae vilivyovunjika, "Lakini mama, wewe mwenyewe uliniambia nisikuletee Waafrika."

"Nilisema Waafrika!" Bibi akamfokea. "Huyu ni mtoto wa Fundi!"

Akakata simu, akanitazama kwa mapenzi, akaniongezea kachori.

Nilicheka. Sikutaka kucheka, kicheko kilitoka chenyewe kupitia puani pamoja na chai. Kisha hasira ikapanda, ikafika mdomoni, ikakuta pamejaa. Nilikuwa namuona yule muuguzi na sare yake chini ya koti. Nilitaka kumwambia Bibi kila kitu, na nilitaka kumbusu mkono, na nilitaka bilauri nyingine ya chai, vyote kwa pamoja. Nikaondoka nachechemea, na furushi la kachori limefungwa kwenye karatasi ya fedha.

Pacha wangu alikuwa akinisubiri stesheni. Nilipomaliza kumsimulia alikuwa amekula nusu ya ushahidi.

Mkuu wetu alisoma maelezo yetu mawili akiwa amesimama. Akayasoma tena akiwa amekaa. Chini, saluni, kikaushia nywele kilikuwa kikinguruma, na nilishukuru kwa ile kelele.

"Kwa mujibu wa maandishi haya," akasema hatimaye, "tester mzungu alipewa nyumba kwa kodi kamili. Tester mweusi alipewa nyumba hiyohiyo kwa kodi pungufu, na chakula."

"Na chai," nikasema. Nilitaka mambo yawe sahihi.

"Nikilipeleka hili popote, Auntie, wataamua kwamba yule bibi anawabagua Waingereza."

"Mimi sikupewa hata maji," akasema pacha wangu, na nikaona kwamba kweli limemuuma.

Nikamwambia mkuu kwamba nilimsikia yule kijana kwa masikio yangu mwenyewe, akisema alichoagizwa. Akanijibu kwamba atakayeulizwa ushahidi huo ni rafiki wa familia aliyekuwa na kachori mdomoni. Wakala yule tungeweza kumjaribu tena kwa jozi nyingine, na baadaye tulimjaribu kweli, kwa jozi ambayo mkuu aliihoji kwanza kama ina wazazi wanaojulikana na mtu yeyote Afrika Mashariki. Tulimpata. Lakini hayo yalichukua majira mazima, na shule haikuwa na majira mazima. Ilikuwa na wiki mbili. Binti wa watu angekosa nafasi kwa sababu mie nina baba.

Tulimwita yule muuguzi tukamweleza ukweli wote, na nilijieleza mie mwenyewe, maana nililiona hilo kuwa haki yake. Nilitegemea atanitukana. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Huyu mama anaweza kunipa hii nyumba kama wewe ukimuomba?" akaniuliza.

"Atakupa. Nikimwambia wewe ni mwenzangu, atakupa leo."

"Basi usimuombe."

Nikadhani sikumsikia vizuri.

"Usimuombe, mama. Mimi nina mushahara. Siendi kuingia ndani ya nyumba juu ya jina ya baba yako, Mungu amuweke pema. Kesho mukigombana wewe na yeye, mi nalala wapi? Nipeleke kwake. Anione. Aniambie yeye mwenyewe kwa kinywa chake alimwambia nini ule kijana. Kisha tutaona."

"Na asipotaka kusema?"

Akamtazama mkuu wetu, akanitazama mie. "Basi mutoto atakaa kule kule kwenye tuko. Lakini hatajifunza kwa mama yake kuingia kwa watu kwa mulango ya nyuma."

Nilimpigia simu Bibi. Nikamwambia kwamba sikuwa nikitafuta nyumba, nilikuwa kazini, na kazi yangu ni hii na hii. Akaniuliza, "Na mguu?" Nikasema mguu mzima. Nikamwambia kuna mama angependa kuja kumuona, yule aliyekataliwa. Akasema Jumamosi baada ya adhuhuri, na kwamba atakwenda kwanza madukani Kingsbury, unga wa dengu umemwishia.

Jumamosi hiyo nilivaa skafu nyeusi. Tulikaa sebuleni, si jikoni, na hilo peke yake lilinitisha, maana kwetu sebule ni ya wageni wa posa na wa msiba. Muuguzi alikaa kwenye ncha ya kochi. Binti yake alikaa karibu naye, mwenye miwani, mrefu kwa umri wake, na kila Bibi alipomuuliza kitu kwa Kiswahili alijibu kwa Kiingereza, kwa adabu, kama wa kwangu. Meza ilikuwa imejaa: bajia, kachori, chatne ya nazi, biskuti ambazo hakuna aliyeziomba. Bibi akamimina chai mwenyewe. Mie nikanywa. Mtoto akanywa. Muuguzi akasema ahsante, akaiacha bilauri yake pale pale ilipowekwa.

Sijui kama nitaweza kumweleza mtu asiye wa kwetu. Kama angemvunjia Bibi kioo, kingezolewa na maisha yangeendelea. Lakini chai ya mtu, aliyokupikia, iko mbele yako na huigusi! Bibi aliitazama ile bilauri kama mtu anayetazama maji ya bomba yakimwagika.

"Chai inapoa, mwanangu."

"Itapoa, Mama."

"Kama ina tangawizi nyingi n'tapika nyingine."

"Hapana, Mama. Bado kwanza."

Nikajaribu kuongea habari ya hali ya hewa. Hakuna aliyeniunga mkono. Kwenye chai ukaanza kutanda utando, kwanza pembeni, kisha katikati. Bibi akauona, akafumba macho.

"Mama," muuguzi akaanza, taratibu, "mimi nilisha kuya hapa mbele ya leo. Nilifika kwa ule kijana wenu na mutoto yangu. Akaniambia nyumba ilishachukuliwa. Tukasema, basi, tupite tuione hata kwa inje. Tukaona bango ingali imesimama. Mutoto akaniuliza, kama ilichukuliwa, mbona iko tupu? Nikakosa jibu. Mimi, mama yake."

"Pazia lilicheza?" Bibi akauliza.

Aliliuliza upesi, bila kufikiri, kama anavyouliza mtu aliyepatwa na ugonjwa huohuo. Kisha nikamuona anajisikia mwenyewe alichouliza. Uso wake ulibadilika polepole, na ningependa kusema kwamba nilitazama pembeni kwa adabu, lakini nilitazama.

"Haikuwa pazia, Mama," muuguzi akasema. "Ilikuwa bango tu."

Bibi akavishika viganja vyake pamoja juu ya sari. "Yule kijana si yake yale maneno," akasema. "Ni mie. Mie ndiye niliyemwambia asilete Waafrika. Nilisema watakuja wengi, watapiga makelele, watanukiza nyumba kwa mapishi." Akatazama meza yake, bajia, vitunguu, mafuta, nyumba nzima inanuka bizari. "Ni yale yale tuliyosemwa sisi. Neno kwa neno. Naona haya, mwanangu. Naona haya sana."

Muuguzi akamtazama. Kisha akachukua kijiko, akauondoa ule utando kwa uangalifu, akauweka pembeni ya kisahani, akainywa ile chai baridi yote bila kupumzika.

"Tangawizi iko muzuri," akasema. "Sukari njo kidogo."

Bibi aliinuka mbio kwenda kuleta sukari, mwanamke wa umri ule, na huko jikoni tukamsikia akipenga kamasi. Aliporudi, muuguzi alikuwa ameshafungua mkoba wake na kutoa barua ya mwajiri. Kodi atalipa ileile aliyotajiwa yule Mwingereza, si ya mtoto wa Fundi. Bibi akaanza kubisha, akanitazama mie nimsaidie, nikawa nashughulika na bajia. Funguo akazitoa kwenye pindo la sari, zilipokuwa tangu asubuhi, nadhani, maana zilikuwa na joto.

Sasa mambo yalikuwa yamekwisha, na watu walikuwa wakila kwa amani. Lakini mazoea ni mazoea. Nilimuona Bibi akimgeukia muuguzi, na nikalijua swali kabla halijatoka. Akafungua kinywa, akakifunga. Akasogeza sahani. Akazuia kadiri alivyoweza, kisha likamponyoka, akamgeuzia mtoto.

"Na wewe, binti, kwenu mtaa gani?"

Mtoto akaacha kutafuna. Akamtazama mama yake, akazitazama zile funguo mezani, akatazama dirishani, kwenye lile bango. Nikasubiri Kiingereza.

"Huu," akasema kwa Kiswahili, akachukua kachori nyingine.